Kamba ya Shimo la Tatu

Hapa Nyakato ngozi hutufikia na chumvi na nzi,
za Magu, za Kwimba, nyingine bado zina chapa ya chuma
ya mwenye ng'ombe, kana kwamba atakuja kuzidai.
Tunazilaza kwenye chokaa na dawa ya kunyonyoa manyoya,
na harufu ya mayai viza inatufuata hadi kwenye ugali.

Lushinge hakujua, wala mimi sikujua:
hewa ile ikiwa kidogo, inanuka;
ikizidi, huiua pua kwanza.
Unasema, ah, leo afadhali,
na hiyo afadhali ndiyo yenyewe.

Jumanne. Shimo la tatu, la maji machafu, limeziba.
Upande wa pili mtu kafungulia tindikali,
hajui kwamba mfereji ni mmoja.
Lushinge akakunja suruali, akashuka
na koleo, na kitambaa puani, kile cha kufutia jasho.
Kipandio cha tano akasema, "Mbona hakunuki?"
Cha saba hakusema.

Aliye juu mngoje chini, tulifundishwa shuleni.
Aliye chini je?
Mdogo wake, Bugumba, hakungoja jibu.
Alikwisha kutia mguu ngazini
nilipomkamata mkanda wa ovaroli
kwa mikono hii ya kukwangua ngozi,
nikakaa chini, nikawa gunia la chumvi.
Akanipiga kiwiko. Akaniita mchawi.
Akanitukana Kisukuma ambacho sikiandiki hapa.
Kutoka mdomoni mwa shimo tulimwona kaka yake
amelala kama mtu aliyetoka zamu ya usiku,
buti moja limevuka.

Zimamoto walikuja na mitungi mgongoni.
Bugando iko kule kilimani, unaziona taa zake
ukisimama getini.
Safari ile haikuwa na haraka.

Msibani Misungwi hawakunipa kiti.
Sikudai. Ningesema nini? Kwamba nilipiga hesabu,
kwamba mmoja ni pungufu ya wawili?
Hesabu hiyo humwambii mama mzazi.

Siku tisa hatukuingia kazini.
Aliyesema ni Bugumba, juu ya pipa tupu.
Hakunitazama, lakini maneno yale
aliyaokota pale nilipokaa:
asishuke mtu bila kipimo cha hewa,
bila feni, bila mkanda wa kifuani,
bila mwenzake juu ameshika kamba,
na huyo wa juu asimfuate, hata akilia.
Meneja akataja gharama.
Nyanzala wa stoo akataja bei ya jeneza,
akatoa na risiti.

Sasa kuna kisanduku cha njano
kinacholia kama kifaranga hewa ikiharibika.
Kuna daftari la kusaini.
Kuna ubao niliouandika mwenyewe,
rangi nyekundu imechuruzika kwenye T:
USIPOSIKIA HARUFU, TOKA.

Leo shimo la tatu limeziba tena.
Wa kushuka: Bugumba.
Wa kamba: palikuwa wazi.
Akachukua kalamu akaandika Holo,
jina langu, kwa herufi za kubanana,
asiinue macho.
Miaka miwili hajaniambia mwangaluka.

Anashuka. Kamba inapita viganjani,
mbichi, ya katani, inakwaruza palipochubuka na chokaa.
Kipandio cha tano.
Cha saba.
Kisanduku kimya, na mimi siuamini ukimya.
Tumekubaliana: akivuta mara moja, nimtoe;
mara mbili, yuko salama.

Namngoja aliye chini.

Kamba inatikisika. Mara moja.
Nakanyaga ukingo, nafungua kinywa kuita watu,
inatikisika tena.

Mwangaluka, naiambia kamba.